Skrini Mbili, Ukuta Katikati

Kwedizinga, Handeni
3 Machi 2024

Mwanangu Loveness,

Salamu nyingi zikufikie hapo Manundu, wewe na wenzako wote wa dukani. Sisi huku hatujambo. Mvua imeanza kwa kujikongoja, mahindi tumeyapanda mara mbili kwa sababu mbegu za kwanza zimeliwa na kwale. Mguu wangu wa kushoto unauma asubuhi, ukifika mchana unasahau. Upendo mwanangu amenenepa, na Lea mjukuu wangu ametimiza miezi saba. Ana meno mawili na anayatumia.

YAH: SKRINI YA PILI

Usiicheke hiyo Yah. Nimepiga taipu miaka ishirini na mbili katika ofisi ya mkonge pale Mnyuzi, na barua isiyo na Yah naiona kama mtu aliyetoka nyumbani bila mkanda.

Jambo lenyewe ni hili. Semboja, mume wa Upendo, shule aliyokuwa akifundisha imepunguza walimu, naye akapunguzwa. Sasa wanaishi hapa kwangu, na mwanamume mzima kukaa kwa mama mkwe bila kazi, unajua mwenyewe. Chakula hakimpiti kooni. Kaka yake amemwita Tunduma wakauze nguo. Amesema atasubiri mpaka tuvune, mwisho wa mwezi wa nane. Kama hajapata kazi huku, anamchukua mkewe na mtoto wanaondoka. Tunduma, Loveness! Kule ndiko nchi inakoishia. Lea akakulie huko amwite mwanamke mwingine bibi? Siwezi. Nimejaribu kulizoea wazo hilo wiki mbili, limenishinda.

Basi nimepata akili. Steshenari yangu hapa karibu na ofisi ya kata ina kazi kunishinda. Mikono yangu bado ina mbio, lakini watu wameanza kulalamika kwamba naruka herufi. Semboja ni mwalimu wa Kiswahili, herufi iliyorukwa anaiona kutoka ng'ambo ya barabara. Mimi nitapiga, yeye atasoma na kusahihisha papo hapo kwenye skrini yake. Nitafutie hiyo skrini ya pili, halafu unielekeze kwa maandishi jinsi ya kuiunga. Usinielekeze kwa simu. Mtandao huku unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya zahanati, na ukisimama pale foleni yote ya wagonjwa inakusikiliza. Nilimpigia baba yako kuhusu mguu, niliposhuka nikapewa ushauri na watu wanne.

Mwaija muuza maharage atakuletea barua hii sokoni, naye ndiye atakayenirudishia majibu.

Halafu, yule aliyepokea simu yako Krismasi, mwenye sauti nzito, ni nani?

Ni mimi shangazi yako,
Hilaria


Manundu, Korogwe
17 Machi 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, baba mzima, mama anashukuru kwa mihogo. Huku matope yamefika mpaka mlangoni, wateja wanaingia na viatu mikononi.

Skrini nimepata, Mwaija anayo, nimemfungia kwenye kanga mbili asiigongegonge. Ni ya inchi ishirini na mbili, pana, safi kabisa. Nimekuchagulia kubwa makusudi ili macho yako yapumzike.

Sasa nisikilize vizuri. Skrini hizi mbili hazilingani. Picha ya kompyuta imefumwa kwa nukta. Ile yako ya zamani, kile kisanduku, ina nukta elfu moja na ishirini na nne kwa upana, na mia saba sitini na nane kwenda juu. Hii mpya ina elfu moja mia tisa na ishirini kwa elfu moja na themanini. Kwa hiyo usishangae zikikataa kufanana.

Zima kompyuta. Chomeka waya wenye kichwa cha bluu nyuma, kaza skrubu zake. Washa. Bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na P. Yatatokea machaguo manne, chukua la pili, picha itakuwa moja kwenye skrini zote. Ziweke mezani zipakane, wewe na shemeji Semboja mkae bega kwa bega, kazi ianze. Huo ndio mwisho wake, shangazi. Dakika kumi tu.

Aliyepokea simu Krismasi ni fundi. Alikuwa anaitengeneza.

Mpwa wako akupendaye,
Loveness


Kwedizinga
14 Aprili 2024

Mwanangu Loveness,

Habari za siku? Sisi tumekula Pasaka salama, ingawa jogoo tuliyemkusudia alitoroka na hajaonekana mpaka leo. Lea ana meno manne. Semboja ameanza kukonda. Juzi kaka yake wa Tunduma amempigia tena pale kichuguuni, na foleni ya zahanati ikamwambia Upendo kwamba nyumba ya kupanga imeshapatikana.

YAH: WATU KUNENEPA NDANI YA SKRINI

Skrini imefika salama, asante sana. Nimeiunga kama ulivyosema, isipokuwa lile jambo la bega kwa bega ambalo sitalijibu.

Picha ilitokea kote kote, tukapiga makofi. Lakini kwenye skrini kubwa kila kitu kimetanuka. Herufi O imelala ubavu. Nilimwekea mzee Moreto picha yake ya pasipoti. Unamkumbuka, yule mfugaji mrefu mwembamba ambaye akisimama na fimbo yake unahesabu fimbo mbili. Kwenye skrini akaonekana ana mashavu na mabega ya mtu anayekula vizuri. Nikamwomba radhi. Akaangalia muda mrefu, akasema, "Mama Upendo, usiiguse. Hiyo ndiyo sura yangu. Kioo cha nyumbani ndicho kilikuwa kinadanganya." Ameagiza nane, na sasa wanakuja wazee wenzake kila siku wanataka kuchapishiwa unene. Nawaambia kwenye karatasi inatoka vilevile walivyo, wananiona mchoyo.

Kwa hiyo naomba dawa ya huo unene. Pia naomba waya mrefu zaidi. Huu ulioleta haufiki. Nitafutie wa mita tano.

Fundi gani wa simu anayemuuliza mtu mguu wake wa kushoto unaendeleaje? Mimi sikumwambia kama ni wa kushoto.

Shangazi yako,
Hilaria


Manundu
5 Mei 2024

Shikamoo shangazi,

Poleni na jogoo. Sisi wazima, ila mama ana mafua na analilaumu feni.

Mita tano?! Shangazi, skrini mbili zinakaa meza moja. Nimeusoma huo mstari wako mara tatu. Lakini waya nimetuma, maana nakujua.

Unene nimeuliza kwa Gerald, yule fundi. Anasema chaguo la pili linailazimisha skrini pana ivae nukta za kile kisanduku. Nguo haimtoshi, inatanuka. Sasa bonyeza tena dirisha na P, uchukue chaguo la tatu. Hapo kila skrini itabaki na nukta zake, na zote mbili zitakuwa kama meza moja ndefu: unaisukuma karatasi kutoka skrini hii, inaingia ile. Kwenye mipangilio utaona visanduku viwili, 1 na 2. Viburute vikae sawasawa na jinsi skrini zilivyokaa mbele yako. Kaa mahali unapoziona zote mbili kwa pamoja, hutakosea.

Na hebu niambie, ile kubwa umeiweka wapi? Mwaija anasema alipofika dukani kwako alikuona bado unakodolea kisanduku, pua inagusa kioo. Nimekutumia kubwa kwa ajili ya macho yako, shangazi. Na Semboja hakumwona kabisa, anasema alisikia kikohozi tu. Mambo gani hayo?

Kuhusu mguu, Gerald ana adabu. Huuliza mguu wa kila mtu.

Loveness wako


Kwedizinga
9 Juni 2024

Loveness,

Tunaendelea vizuri. Mahindi yanakauka. Lea anatambaa na amekula ukurasa wa kwanza wa maelezo yako, ambao nilikuwa nimeubandika ukutani, chini mno.

YAH: MAMBO AMBAYO SIKUDHANI NITAYAANDIKA

Umenilazimisha. Wewe umezaliwa mjini lakini damu yako ni ya huku. Nani alikufundisha kwamba mama mkwe anakaa bega kwa bega na mkwewe? Tuegemeane? Tupumuliane? Mimi na Semboja tangu amuoe Upendo, mwaka wa tatu huu, hatujatazamana usoni. Akinipa kitu anakiweka chini nami nakiokota. Nikiwa njiani yeye huingia porini mpaka nipite, na siku moja aliingia penye upupu akakaa kimya humohumo. Mkwe mwenye heshima ya namna hiyo ndiye nimkalishe ubavuni kama kondakta? Nilifikiri haya hayaandikwi kwa sababu kila mtu anayajua.

Nimetoboa ukuta. Mimi niko dukani, yeye yuko upande wa pili, kwenye stoo ya mahindi, na waya unapita katikati. Ndiyo maana ya mita tano. Skrini kubwa iko kwake. Mkwe hupewa kiti kizuri, nyama nzuri, na sasa skrini nzuri. Macho yangu hayana neno.

Kwa hiyo kuziona zote mbili kwa pamoja haiwezekani, labda nitoe tofali zaidi. Nilivipanga visanduku kwa kukisia. Sasa mshale wa mausi ukitoka kwake kuja kwangu, mara nyingine unapita, mara nyingine unagonga ukingo na kuganda. Ukiwa sehemu ya juu ya skrini unapita, ukiwa chini unakataa kabisa. Hata mshale umejua adabu.

Nilimnunulia pia kibodi yake na mausi yake, nikavichomeka kwenye kompyuta hiihii kwa waya mwingine. Hapo ndipo tulipopatikana. Mikono ni minne lakini mshale ni mmoja. Mimi nikiusogeza, yeye anauona unatembea, anaachia mausi kwa heshima. Nami nikiona umesimama nafikiri anautaka yeye, naachia. Jumanne iliyopita mshale ulisimama katikati ya barua ya mzee Moreto tangu saa tatu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, kila mmoja akimpisha mwenzake. Upendo ndiye anayebeba ujumbe. "Mama anasema tangulia." "Anasema hapana, mama atangulie." Amezunguka nyumba mara kumi na nne akiwa na mtoto mgongoni, akasema afadhali Tunduma.

Alikuwa anatania, lakini sikulala vizuri. Miezi miwili na nusu imebaki, na mpaka sasa kazi tuliyokwisha kuimaliza pamoja ni

Shikamoo mama. Samahani sana. Nilidhani hii ni barua ya mzee Moreto, nikaanza kusahihisha. Neno "kondakta" ni sawa. Naondoka.

Umeona? Huyo ni yeye. Siwezi kuyafuta maneno ya mkwe wangu, nitakuwa nimemfuta mdomo. Yaache hapo hapo uyasome mwenyewe. Na sijui amesoma kuanzia wapi.

Tusaidie.
Hilaria


Manundu
23 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Nisamehe kabisa. Niliposoma pale pa kondakta niliona aibu mpaka masikioni, halafu nilipofika kwenye upupu nikacheka. Nilimsomea Gerald, chapati ikampalia, tukampiga mgongoni.

Dawa ya mshale hii hapa. Skrini kubwa ni ndefu kuliko kisanduku, kwa hiyo ukingo wake wote haupakani na wako. Penye kupakana ni mlango, pasipopakana ni ukuta. Kwenye mipangilio, kiburute kisanduku kidogo mpaka miguu yake ilingane na miguu ya kile kikubwa. Hapo chini patapitika, juu ndiko kutabaki na ukuta kidogo, mwambie shemeji asipitie juu.

Kuhusu mikono minne, kompyuta moja ina mshale mmoja tu hata uiunge na mausi kumi. Lazima mpokezane. Na hapa Gerald ametoa wazo ambalo mimi nisingelipata: pigeni hodi. Anayetaka kuushika mshale agonge ukuta, "Hodi." Mwenzake aseme, "Karibu," aachie. Bila kuonana, bila Upendo kuzunguka nyumba. Gerald ni wa Mnyuzi, mambo haya ya wakwe anayajua vizuri.

Usiniulize kwa nini anayajua vizuri.

Loveness


Kwedizinga
28 Julai 2024

Loveness mwanangu,

Salamu. Nafupisha, roho haijatulia.

Barua yako sijaiona tangu ya mwezi wa tano. Mwaija alipokea kitu kwako, najua, lakini alipitia harusini Mkata na hajarudi, na watu wanasema harusi imezaa harusi nyingine.

YAH: AIBU

Mzee Moreto alituma barua yake ofisi ya mifugo kuomba josho litengenezwe. Niliichapisha mwenyewe, akaipeleka mwenyewe, amevaa shuka jipya. Juzi naisoma nakala, ninakuta bado imesimama hivi: "Ng'ombe wetu wanateseka kwa kupe tangu josho libomoke. Mama, Lea ameamka, naomba unipishe kidogo nikambadilishe nepi. Hivyo basi tunaomba ofisi yako itusaidie."

Mimi niliiona ile sentensi siku ileile. Sikuifuta kwa sababu ni ya mkwe. Yeye aliiona vilevile. Hakuifuta kwa sababu mshale ulikuwa upande wangu. Tulikuwa wawili, tunaona wote, na tumeiacha iende.

Semboja amechukua aibu yote. Alimtuma Upendo aniambie kwamba msahihishaji anayeacha kosa lake mwenyewe hana kazi. Amefunga sanduku. Basi lao la Tunduma ni Jumatatu tarehe kumi na mbili Agosti, hata mahindi hasubiri. Upendo analia stoo, mimi nalia dukani, na yule mtoto anaona ni mchezo, anapiga makofi. Nimeshindwa, Loveness. Nilitaka kumpa kazi nimempa aibu. Kama una la kufanya, fanya upesi.

Hilaria


Manundu
9 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana, imeletwa na dereva wa lori la mkaa. Sisubiri Mwaija. Anayekukabidhi karatasi hii ni Gerald mwenyewe. Amefunga duka, amekodi bodaboda, ana waya, ana bisibisi, na ameambiwa asirudi mpaka shemeji afungue sanduku.

Mpokee kama fundi. Ni fundi tu, shangazi. Nakuomba usimuulize maswali.

Loveness


Kwedizinga
11 Agosti 2024

Mwanangu Loveness,

Amani iwe nawe hapo Manundu, na baba yako na mama yako na feni lao. Leo ni Jumapili. Mimi nimewahi ibada ya kwanza, sasa Semboja, Upendo na Lea wameenda ya pili. Niko peke yangu dukani na huyu fundi wako. Lea ana meno sita na tangu juzi anasimama kwa kushika meza.

YAH: MATOKEO

Gerald alifika jana saa nne asubuhi, mwekundu kwa vumbi kuanzia kofia mpaka soksi. Nikampa maji, akanywa kutoka mkononi mwangu. Nikampa chai na magimbi, akala amenikalia mbele, ananiangalia usoni, anacheka kwa sauti. Nikasema sawa, Loveness amesema ni fundi, na fundi ndivyo alivyo.

Kazi anaijua. Aliingia dukani, akatoka, akaingia stoo, akarudi, akavipanga vile visanduku miguu kwa miguu. Mshale ukapita kama maji. Herufi za kisanduku changu akazikuza, sasa naona bila kugusa kioo kwa pua. Halafu akanieleza habari ya hodi, akaenda upande wa pili akamweleza na Semboja. Nikagonga ukuta. "Hodi." Halafu nikasikia, "Karibu, mama." Loveness, hiyo ndiyo mara ya kwanza Semboja kuniambia karibu, na nyumba ni yangu. (Mwaija ametokea jioni na barua yako ya mwezi wa sita, inanuka pilau. Nimeisoma, ukweli wote ni uleule, ila umechelewa wiki saba.)

Tukafungua karatasi nyeupe kwa majaribio. Nikaandika: "Semboja baba, unaniona?" Akagonga, nikamkaribisha, akaandika: "Nakuona, mama." Kisha mshale ukasimama. Nikasubiri. Akagonga tena. Akaandika polepole, herufi moja moja, mtu anayepiga taipu haraka kuliko wote hapa baada yangu:

"Mama, mimi sitaki kwenda Tunduma. Naona haya kula chakula chako bila kazi. Nilidhani umenichoka."

Nikagonga ukuta kwa nguvu mpaka chokaa ikaanguka. Nikaandika: "Nani amekwambia? Mkwe aliyekaa ndani ya upupu kwa ajili yangu nimchoke vipi? Nimetoboa nyumba yangu ili ubaki. Baki." Nilikosea herufi tatu. Akazisahihisha zote, kisha sikusikia kitu isipokuwa mtu anapenga kamasi. Mimi nilitumia kitambaa cha kufutia skrini.

Leo asubuhi sanduku limefunguliwa. Upendo alianza kuanika nguo tangu alfajiri, amezianika hata zilizo kavu. Hakuna anayekwenda popote.

Na sasa sikia hili. Mzee Moreto amekuja jana alasiri mbio, majibu ya ofisi ya mifugo ameyafunga kwenye kona ya shuka. Wanasema josho litatengenezwa mwezi ujao, na mwisho wameandika kwa kalamu: "Mtoto Lea anaendeleaje?" Moreto anasema ameandika barua za josho miaka mitano hajajibiwa hata moja. Ametoa amri kuanzia sasa kila barua yake awemo Lea, na wazee wenzake wameacha habari ya unene, wanataka mtoto. Semboja ana kazi mpaka Krismasi.

Nilikuwa nimekusudia kutii agizo lako la kutouliza maswali. Lakini leo, tukiwa wawili, Gerald amekaa mbele yangu anakaza skrubu, kikombe cha chai mkononi, nimemuuliza moja tu. Nimesema, "Baba, wewe kwa Loveness wetu ni nani?"

Alikiweka kikombe chini taratibu. Akainamisha macho. Akaokota bisibisi yake, akabeba kigoda chake, akatoka kinyumenyume bila kunipa mgongo, akazunguka nyumba. Nimesikia mlango wa stoo unafunguliwa. Nimesikia kigoda kinawekwa katikati ya magunia.

Kwa hiyo maswali yangu ya tangu Machi yamejibiwa, nawe hukuandika hata neno. Mwambie baba yako atulie, kaka yangu ana mapigo ya moyo, nitamwambia mimi. Nawe usilie. Ni kijana mzuri, kazi yake safi, na aibu anayo ya kutosha. Ila nitafutie skrini ya tatu na waya mwingine wa mita tano, maana wakwe wawili hawawezi kubanana kwenye skrini moja, na

Ngoja. Ukuta unagongwa. Semboja bado yuko kanisani.

Karibu.

Shikamoo, mama.